Chumba cha Kiangazi, Udongo wa Masika

Oktoba mlango wa chumba kipya cha Mama ulikuwa ukifungika vizuri. Desemba ukaanza kusugua sakafu. Machi, mvua ilipokolea, mpangaji alikuwa anausukuma kwa bega, na ilipofika Pasaka akachoka, akauacha wazi usiku kucha na kutundika kitenge mlangoni. Seremala akaitwa, akaupiga randa upande wa chini. Agosti mlango ule ule ukawa na uwazi wa vidole viwili, vumbi la barabarani likawa linaingia hadi chini ya kitanda.

Tulizilaumu mbao. Tukamlaumu seremala. Ilituchukua masika mawili kuelewa kwamba mlango ulikuwa ukitueleza habari za ardhi.

Nyumba yetu iko pembezoni mwa mji wa Ifakara, upande ambao ardhi inaanza kuteremka taratibu kuelekea mbugani. Marehemu baba aliijenga miaka ya themanini kwa matofali ya kuchoma: vyumba vitatu na sebule. Nyuma yake, uani, Mama aliongeza vyumba viwili na choo cha ndani kwa ajili ya wapangaji. Hapa kwetu hilo ni jambo la kila mtaa. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, chuo chake cha afya, Taasisi ya Afya Ifakara, lami iliyokuja kutoka Kidatu, daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018 pale ambapo zamani tulikuwa tunasubiri pantoni: vyote hivyo vimeleta watu, na watu wanataka vyumba. Si kila mwenye nyumba ana uwezo wa kununua kiwanja kipya. Alicho nacho ni uani.

Na uani, katika Bonde la Kilombero, si mahali pepesi pa kujenga.

Ukichimba kwetu mwezi Septemba utakuta nyufa ardhini ambazo mkono unaingia karibu na kiwiko. Huo ndio mfinyanzi mweusi wa mbuga, ambao mkulima wa mpunga anaupenda kwa sababu unashika maji, na mjenzi anapaswa kuuogopa kwa sababu hiyo hiyo. Chembe zake hazifanani na punje za mchanga. Ni vigamba vyembamba mno vilivyolaliana kama kurasa za kitabu, na maji yakija hupenya kati ya kurasa na kuzitanua. Wataalamu wa madini huiita jamii hiyo smektaiti. Masika udongo huumuka kama unga uliotiwa hamira. Kiangazi hunywea na kupasuka. Na hauumuki sawasawa. Pembeni mwa nyumba, mvua inapopiga na jua linapochoma, ndipo unapopanda na kushuka zaidi. Chini ya sakafu, palipofunikwa, unyevu haubadiliki sana, kwa hiyo udongo wa pale umetulia.

Wengi hushangaa kusikia kwamba nyumba ndogo ndiyo inayoteseka zaidi. Jengo zito hukandamiza udongo na kuuzuia usipande ovyo. Ukuta wa chumba kimoja wenye bati juu yake hauna uzito wa kushindana nao. Kwa hiyo ile kauli tuliyoisema sote tulipokuwa tunapanga bajeti, kwamba hiki ni chumba tu, msingi wa futi mbili utatosha, ilikuwa kinyume kabisa cha mambo yalivyo. Chumba hicho kilihitaji msingi makini kuliko hata nyumba kubwa, kwa sababu chenyewe ni chepesi.

Si Ifakara yote iliyo hivyo. Karibu na Mto Lumemo, na mahali ambapo mito ya zamani ilipita na kuacha kingo zake, kuna kichanga. Kichanga hakiumuki. Kina hatari yake nyingine: maji yanayopita kasi hukichota chembe kwa chembe na kuuacha msingi ukining'inia. Mtu wa kule anahitaji kujihami na mmomonyoko. Nitabaki na udongo mweusi, kwa sababu ndio uliotufundisha sisi, na kwa sababu mji unavyopanuka unazidi kuufuata.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kuona likisemwa wazi, nalo ni kalenda. Mpunga wa bonde hili huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Mwenye subira huweka magunia ghalani mpaka bei ipande. Matanuri ya matofali huchomwa kiangazi, kwa kuni na pumba za mpunga. Mchanga huchotwa mto ukipungua, na malori hupita barabara za mitaa zikiwa zimekauka. Fedha, matofali, mchanga na njia vyote hukutana Septemba na Oktoba. Ndiyo maana misingi yetu mingi huchimbwa katika miezi hiyo, na hiyo ndiyo miezi ambayo udongo umenywea kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Fundi anapiga sululu, sululu inaruka. Anamwambia mwenye nyumba: hapa ni pagumu, hakuna haja ya kwenda chini zaidi. Ugumu anaouona ni wa msimu. Udongo umeshusha pumzi zake zote, na sisi tunaweka ukuta juu ya kifua hicho kilichobonyea. Januari udongo unavuta pumzi.

Simlaumu mtu kwa kujenga kiangazi. Fedha ya mpunga haisubiri, na hakuna anayeweza kumwaga zege kwenye mtaro uliojaa maji. Lakini anayechimba Oktoba anatakiwa kujua kwamba anaangalia ardhi katika sura yake moja tu, na kwamba kina cha msingi hakipimwi kwa ugumu wa sululu. Kinapimwa kwa kufika pale ambapo udongo haujui kama juu ni masika au kiangazi.

Fundi wetu wa kwanza alichimba futi mbili. Kisha akafanya jambo ambalo wakati ule lilionekana la uangalifu mkubwa: akatoboa ukuta wa nyumba ya zamani kila baada ya kozi nne, akaingiza vipande vya nondo, akaunganisha ukuta mpya nao. Mama alifurahi. Alisema sasa chumba kimeshikana na nyumba, hakitakwenda popote.

Masika ya kwanza ncha ya nje ya chumba kipya ilipanda. Ncha ya ndani ilikuwa imefungwa kwenye nyumba ambayo ilishamaliza kutulia zaidi ya miaka thelathini iliyopita, haikuweza kupanda nayo. Ukuta ukapasuka pale pale penye nondo, ufa wa ngazi, tofali hadi tofali, mpana chini na mwembamba juu. Nondo hazikuuzuia. Zilichofanya ni kuuhamishia ufa kwenye nyumba ya baba, ambayo haikuwa na ufa hata mmoja tangu nikiwa mtoto.

Tukaziba kwa sementi. Hilo nalo ni kosa ambalo nimeliona kwenye nyumba nyingi, na nalieleza kwa sababu linaonekana kama matengenezo. Ufa tuliouziba Aprili ulitaka kujifunga wenyewe kiangazi, udongo uliposhuka. Ulipotaka kujifunga ukakuta sementi ngumu katikati. Ukatafuta njia nyingine, ukafungua upya umbali wa matofali mawili pembeni. Mwaka wa pili tulikuwa na nyufa mbili, na mlango uliopigwa randa mara mbili.

Ndipo Mama alipomwita mzee mmoja mwashi, mtu aliyezeekea kwenye kazi hii pande za Kiberege na Mang'ula. Alikuja asubuhi, akapokea shikamoo zetu, akazunguka nyumba bila kusema lolote. Alikaa muda mrefu nyuma ya choo. Kisha akaomba jembe, akafukua kidogo, akachukua donge la udongo, akalibana mkononi na kulivuta hadi likawa kama mnyoo mrefu mwembamba usiokatika.

"Mama," alisema, "hiki mnakiita chumba. Hii ni nyumba ya pili."

"Ya pili kivipi, Fundi? Si imeungana na hii?"

"Ndiyo tatizo lake. Hii ya zamani imeshakaa. Hii nyingine inatafuta pa kukaa. Mmemfunga mzee na kijana kamba moja, halafu mnashangaa kuona wote wawili wanaanguka."

Mama aliuliza gharama. Alipotajiwa alinyamaza, halafu akauliza kama kweli fedha ya magunia yote yale itaishia chini ya ardhi mahali ambapo hakuna atakayeiona. Mzee alisema ndiyo, mama, itaishia chini.

Nimekuja kugundua kwamba alichokisema kuhusu kukaa kwa nyumba kina historia ndefu, hata mbali na hapa. Mnara wa Pisa huko Italia ulianza kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini. Ulipofika ghorofa ya tatu ulikuwa tayari umeanza kuinama, na kazi ikasimama karibu miaka mia moja. Wahandisi wa leo wanasema kusimama huko ndiko kulikouokoa: uzito wa ghorofa za mwanzo ulikamua maji taratibu kutoka kwenye udongo, ukashikamana, ukapata nguvu ya kubeba zilizofuata. Ungejengwa kwa mkupuo ungeanguka. Mwaka 1990 ulifungwa kwa wageni, ukafunguliwa tena 2001 baada ya kuchotwa udongo kidogo kidogo chini ya upande wake wa kaskazini ili unyooke kiasi. Udongo una muda wake. Jengo lililokaa juu yake miaka thelathini na jengo la jana hayako katika muda mmoja, hata kama yako chini ya bati moja.

Kabla ya kuchora lolote, mzee alimuuliza Mama swali ambalo fundi wa kwanza hakuuliza: uani hapa palikuwa na nini zamani? Tukaanza kukumbuka. Palikuwa na choo cha shimo, kilichojaa, kikafukiwa kwa majivu na taka na udongo wa juu. Palikuwa na mwembe, tulioukata ili kupata nafasi ya kujenga. Na sasa pana choo cha ndani, ambacho karo lake lilichimbwa hatua tatu tu kutoka ukutani.

Vyote vitatu vilikuwa chini ya miguu yetu. Shimo la choo la zamani halishindiliwi kamwe na watu wanaolifukia. Taka huoza, udongo hushuka, na kona ya ukuta iliyo juu yake hushuka nao, mvua iwepo isiwepo. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara aliweka kona ya jiko juu ya shimo la aina hiyo. Hadi leo ukimwaga maji kwenye sakafu ya jiko lile yote hukimbilia kona moja. Dawa yake ni kulichimba shimo lote upya hadi udongo asilia na kulijaza moramu kwa matabaka, au kulivuka kwa mkanda wa zege wenye nondo unaokaa juu ya udongo mzima pande zote mbili.

Mwembe ni habari ndefu zaidi. Mti mkubwa hunywa maji ya udongo kila siku, mwaka hadi mwaka, na chini yake mfinyanzi huwa mkavu na ulionywea hadi kina kirefu. Ukiukata, hakuna tena anayekunywa maji yale. Udongo huanza kurudisha unyevu wake, na huumuka polepole kwa miaka. Sisi tuliukata mwembe Julai na kuweka msingi kiangazi hicho hicho. Mzee alisema kama mti lazima ukatwe, ukatwe masika moja au mawili kabla, na msingi wa mahali pale ushuke chini ya usawa wa mizizi mikubwa. Na mti ukibaki, nyumba isogee mbali nao, angalau umbali unaolingana na urefu wa mti wenyewe. Nimepima viwanja vya mtaani kwetu kwa macho: hakuna hata kimoja chenye nafasi hiyo. Kinachobaki kwa wengi wetu ni kwenda chini.

Choo cha ndani ndicho kilichonigusa zaidi, kwa sababu ndicho watu wote wanachokitamani. Bomba linalovuja, karo lililo karibu, beseni linalomwagwa dirishani, vyote hulowanisha udongo upande mmoja wa nyumba wakati upande mwingine ni mkavu. Udongo ule ule, siku ile ile, unafanya masika upande huu na kiangazi upande ule. Ukuta hauna pa kukimbilia.

Sisemi kila mtu aajiri maabara. Lakini kuna vipimo ambavyo mtu anaweza kufanya mwenyewe kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa sementi. Kile cha mnyoo nimeshakieleza: udongo unaovutika bila kukatika una mfinyanzi mwingi. Kingine ni cha chupa. Jaza theluthi moja udongo kutoka kina cha msingi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, acha. Mchanga hukaa chini papo hapo, chembe za kati hukaa baada ya saa chache, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi, na matabaka utayaona kwa macho. Cha tatu ndicho kilichomfanya Mama akubali. Mzee aliukausha udongo juani, akausaga, akaupekecha kupitia chujio la chai, akauweka kwa uangalifu kwenye glasi iliyojaa maji, kimo cha kidole kimoja. Kesho yake asubuhi ulikuwa umefika vidole viwili na kitu. Udongo unaoweza kuongezeka maradufu ndani ya glasi unatosha kabisa kuharibu nyumba nyepesi, na Mama, ambaye hakujali maneno ya mnyoo, aliishika ile glasi muda mrefu kuliko sisi sote.

 Vyumba vyote viwili na choo vilivunjwa, na matofali mazima yakapangwa pembeni. Badala ya mtaro, mzee alichimba mashimo, moja kila kona na mengine katikati, kila moja likishuka hadi karibu mita mbili. Kwenye shimo la kwanza alinionyesha kitu. Juu, udongo ulikuwa wa kijivu cheusi wenye nyufa na vipande vinavyong'aa pembeni, kana kwamba vimesuguliwa. Mng'ao ule, alisema, ni alama ya udongo unaojisugua wenyewe kila mwaka ukipanda na kushuka. Chini ya kimo cha mtu kidogo mng'ao uliisha, nyufa ziliisha, na unyevu ukawa ule ule ingawa juu ilikuwa Septemba. Hapo ndipo alipoweka zege la kitako, na juu yake nguzo fupi zenye nondo.

Mashimo ya upande wa nyumba ya zamani hakuyaweka kando ya ukuta wake. Aliyasogeza nje karibu hatua moja, mkanda wa juu ukachomoza kurudi kuelekea ukuta. Ukichimba kando ya msingi wa zamani na kwenda chini kuliko wenyewe, unauondolea udongo unaoushikilia. Pale ambapo lazima uchimbwe, huchimbwa kipande cha mita moja, kinajazwa, ndipo kingine kinaanza, na siyo mtaro mzima kwa siku moja. Nimeona ukuta wa zamani ukilala ndani ya mtaro wa ukuta mpya. Ni kazi ya saa moja kuchimba na ni hasara ya miaka.

Juu ya nguzo zile ukapita mkanda wa zege, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20. Na hapa ndipo nilipoona akili ya mtu wa bonde. Mkanda haukupaswa kugusa udongo. Chini yake palihitajika nafasi, ili masika udongo uumuke kadiri unavyotaka bila kuuinua ukuta. Wajenzi wa nchi nyingine huweka maboksi laini ya karatasi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mzee aliagiza viroba vya pumba za mpunga kutoka mashineni. Akavipanga, unene wa shibiri moja, akaweka mbao pembeni, akamwaga zege juu yake. Pumba zikibanwa kutoka chini hubonyea. Zikioza huacha uwazi. Pembeni, ardhi isiporomoke na kuujaza tena, akasimamisha kozi moja ya matofali upande wa nje. Akapiga dawa ya mchwa, kwa sababu mchwa nao wana hesabu zao katika nyumba hii.

Niliporudi kuiangalia kazi kabla ukuta haujapanda, niliona kitu ninachokijua tangu utotoni. Nguzo zilizoshuka chini, mkanda juu yake, hewa katikati. Lilikuwa dungu. Wakulima wa bonde hili, Wandamba tangu enzi za mababu na wengine waliokuja baadaye, hukaa msimu mzima kwenye mashamba ya mpunga wakiwinga ndege na nguruwe, na vibanda vyao huwekwa juu ya miti iliyochimbiwa sana, maji yakipita chini. Mwenye dungu hashindani na mbuga kwa uzito. Huacha mbuga ifanye inavyofanya, yeye akae juu. Tulihama mashambani tukaja mjini na kulala moja kwa moja juu ya udongo ambao babu zetu walikataa kulala juu yake.

Kati ya nyumba ya zamani na vyumba vipya sasa kuna mwanya wa inchi moja, kutoka msingini hadi juu. Hakuna nondo hata moja inayouvuka. Ndani umejazwa sponji, na kwa nje umefunikwa ubao mwembamba uliopigiliwa upande mmoja tu, upande wa pili uko huru kuteleza. Bati za paa jipya zimeingia chini ya bati za paa la zamani bila kufungwa nazo. Wageni huuliza kwa nini fundi hakumaliza kazi.

Suala la maji lilituchukua muda zaidi kuliko zege, na nadhani ndilo gumu zaidi kwa mji wetu. Kabla ya Mama kujenga, mvua iliyonyesha uani ilipita pembeni mwa nyumba na kutokea kwa jirani wa chini, ikaendelea. Chumba chetu kiliziba njia hiyo. Masika ya kwanza uani palikuwa bwawa, na masika ya pili jirani wa juu akaja kulalamika, kwa haki, kwamba maji yanarudi kwake. Ukitazama mtaa mzima utaona kwamba kila mtu ameongeza chumba, na kila chumba ni ukuta mwingine mbele ya maji. Bonde hili linakusanya maji ya Udzungwa upande mmoja na ya milima ya Mahenge upande wa pili. Kilombero peke yake huupa Rufiji karibu asilimia 62 ya maji yake. Hilo si bonde ambalo mtu anaweza kuziba njia ya maji uani kwake na kutarajia yatoweke.

Masika ya 2024, Lumemo ulipofurika na kuingia mitaani, maji yaliacha mstari wa tope kwenye kuta. Watu wengi wameupaka rangi. Naomba ambaye bado hajaupaka aupige picha na kuupima kutoka ardhini, kwa sababu ndio kipimo cha kweli kuliko chochote fundi atakachokadiria. Sakafu ya chumba kipya ipande juu ya mstari huo. Sakafu ya nyumba ya zamani ikiwa chini, maji yakiingia huko yatakosa pa kutokea upande wa uani, basi mfereji uachwe kati ya majengo mawili, wenye mteremko unaoonekana kwa macho. Kwetu tulipoteza sentimita 60 za kiwanja kwa mfereji huo. Mama aliumia nazo kuliko alivyoumia na fedha za nguzo.

Mapaa yana gata sasa, na maji ya paa huingia kwenye tangi, yanayozidi huenda mferejini. Sakafu ya nje ya upana wa mita moja inazunguka nyumba, ili pembezoni pasilowe na pasikauke kwa haraka. Karo la choo limehamia ncha ya mwisho ya kiwanja. Haya ni mambo madogo kwa bei. Kama fedha haitoshi nguzo, mtu aanze na haya, hata kwenye nyumba ambayo tayari ina ufa. Nimeona nyufa zikitulia baada ya bomba moja kuzibwa.

Kuna pia sheria, na wengi wetu hudhani inahusu nyumba mpya tu. Chumba cha kuongeza nacho kinahitaji kibali cha ujenzi cha Halmashauri, na ofisi ya mhandisi wa mji ndiyo mahali pa kuuliza kabla ya sululu ya kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua nyumba zilizokuwepo kabla ya mtu yeyote kupima mita hizo, na najua mto wenyewe huhama. Lakini anayeongeza chumba upande wa mtoni leo, hata akiwa na nguzo za mita mbili, anaweka wapangaji wake mahali ambapo Lumemo umeshaonyesha kwamba unapafahamu.

Mzee yule alikuja tena Machi iliyopita, bila kuitwa. Alisalimiana na Mama, akainama kwenye mwanya wa inchi moja na rula ya shule ya mpwa wangu. Alikuwa ameandika kipimo cha Oktoba kwa penseli ukutani: 25. Akapima, akaandika chini yake 21. Ule ubao wa kufunikia ulikuwa umeteleza kidogo, rangi mpya imeachana na rangi ya zamani kwa mstari mwembamba. Akapitisha kiganja kwenye ukuta wa baba, kwenye ukuta mpya, akaenda mlangoni, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Mpangaji alikuwa ndani anasoma, akauliza nani anagonga.

"Endelea kusoma, mwanangu," mzee alisema, akaenda kuosha mikono.